Nyoka wa Kichaka Kimoja

Ukisimama Newala, karibu na Shimo la Mungu, ukageuka kutazama mashamba, unaona nini? Unaona mikorosho, mihogo na nyumba. Katikati vimebaki vichaka, kimoja hapa, kingine kule. Zamani lilikuwa pori moja. Leo ni kama visiwa. Masasi nako milima ya mawe imesimama peke yake, chini mashamba matupu.

Nyoka wengi wa porini hawapendi kuvuka shamba jeupe. Jua kali, mwewe anaona, na sisi tuna fimbo mkononi. Basi hupandana humo humo kichakani, ndugu kwa ndugu.

Kuna ubaya gani? Hebu fikiri kuku wako. Jogoo mmoja akipanda mama, kisha binti, kisha wajukuu, mwisho vifaranga huwa dhaifu, na mayai mengine hayaanguliwi. Ndiyo maana watu huazima jogoo kijiji cha pili. Jogoo mgeni huleta damu mpya. Wataalamu huiita chembe za urithi, yaani maagizo ambayo mtoto hupokea kwa baba na mama. Kundi lenye maagizo ya namna nyingi likipata ugonjwa, wengine hufa, wengine hupona. Kundi la namna moja laweza kwisha lote.

Jambo hili lilionekana Uswidi. Kundi la nyoka lilizungukwa na mashamba. Watoto wengi walizaliwa wafu au wenye vilema. Mwaka 1992 wataalamu walileta madume 20 kutoka mahali pengine. Mwaka 1995 waliwaondoa waliobaki hai. Kufika 1999 kundi lilikuwa linaongezeka tena.

Na kwetu Tanzania yuko nyoka mdogo mwenye magamba kama pembe juu ya macho. Hapatikani nchi nyingine. Anaishi misitu ya milimani, kama Usambara, Uluguru na Udzungwa. Wa Usambara hawezi kutambaa mpaka Uluguru. Msitu wake ukikatwa vipande, ataazima jogoo wapi?

Wengine mtasema, "Nyoka waishe tu!" Hata mimi namwogopa nyoka. Lakini panya wanaomaliza mahindi ghalani, nani anawapunguza? Tena nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu.

Basi tufanye hivi:

1. Tufyeke vizuri kuzunguka nyumba, nyoka asipate pa kujificha.

2. Mbali na nyumba, kwenye miteremko isiyolimika, tuache ukanda wa vichaka unaounganisha kichaka na kichaka.

3. Tusichome moto ovyo.

4. Mtu akiumwa na nyoka, tusimchanje wala kunyonya jeraha. Atulie, abebwe, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili

Kijijini kwenu vimebaki vichaka vingapi? Je, nyoka aweza kutoka kimoja hadi kingine bila kupita shambani? Kama hawezi, ukanda upite wapi?