Moto Juu, Moto Chini: Sayansi ya Chungu cha Chuma

Mpishi wa pwani apikapo mkate wa kumimina hupalia makaa: huweka mengine chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko. Kanuni hiyo hiyo hutumika katika chungu kizito cha chuma cha kusubu ambacho Wamarekani hukiita tanuri la Kiholanzi. Chungu hicho kina miguu mitatu, na kifuniko chake kina ukingo ulioinuka ili makaa yasianguke. Hutumiwa nje, penye uwazi, kwa kuokea mikate na kupikia nyama. Vyungu vya chuma vilianza kupatikana kwa urahisi zaidi nchini Uingereza baada ya mwaka 1707, Abraham Darby alipopewa hataza ya kuvisubu katika kalibu za mchanga.

Watu wengi hudhani kwamba chuma husifiwa kwa kuwa husambaza joto vizuri. Sivyo. Alumini safi hupitisha joto kwa wepesi upatao mara nne ya ule wa chuma cha kusubu. Basi sifa ya chungu hiki ni ipi?

Hebu tufanye hesabu. Ili kuongeza halijoto ya kilo 1 ya chuma kwa digrii 1 ya Selsiasi, zinahitajika kilojuli 0.46 hivi; alumini huhitaji 0.9. Kwa hiyo, kilo kwa kilo, alumini huweka joto jingi zaidi. Lakini chungu cha chuma ni kinene na kizito. Tuchukue chungu cha kilo 6 na sufuria ya alumini ya kilo 1, tuvipashe moto vyote viwili kutoka digrii 30 hadi 180. Chungu kitapokea kilojuli 414, na sufuria 135 tu. Nyama baridi ikitiwa, chungu hakipoi ghafla, maana kina akiba ya joto.

Hata hivyo, akiba hiyo hulipiwa kwa makaa. Anayetaka kuchemsha maji ya chai atapunguza matumizi ya makaa akitumia sufuria nyepesi. Chungu cha chuma kinafaa kwa kuoka na kwa mapishi ya muda mrefu.

Kwa kuwa chuma husambaza joto polepole, makaa ya chini hayarundikwi katikati, bali hupangwa kwa duara karibu na ukingo. Wapishi wenye uzoefu wanapooka mkate huweka takriban theluthi mbili ya makaa juu ya kifuniko. Sababu ni hii: chini, kinyunya hugusana na chuma, na joto huingia moja kwa moja kwa mpitisho. Juu kuna nafasi ya hewa, na joto hushuka hasa kwa mnururisho kutoka kwenye kifuniko. Tena sehemu kubwa ya joto la makaa ya juu hupotea hewani. Mchuzi, kinyume chake, huhitaji makaa mengi chini, kwani kioevu chenye moto hupanda chenyewe na kile kilichopoa hushuka. Mzunguko huo huitwa myuko.

Kuna jambo moja lisilopaswa kusahauliwa. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Hata mvua ikinyesha, chungu chenye makaa kisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa.

Jaribio kwa wanafunzi: Tandaza unga wa ngano mwembamba katika kikaango cha chuma cha kusubu, na mwingine katika sufuria ya alumini. Weka kila chombo, kwa zamu, juu ya moto mdogo ulio katikati tu, mkisimamiwa na mwalimu. Tazameni unga unavyobadilika rangi. Katika chombo kipi doa la kahawia linabaki katikati, na katika kipi linaenea? Elezeni sababu, kisha chorени mpangilio wa makaa unaofaa kwa kila chombo.