Chaza Hapandwi Popote

Mkulima hodari hapandi mihogo bondeni palipotuama maji. Kwanza huutazama udongo. Je, mwajua ya kuwa hata baharini iko kazi ya namna hiyo?

Chaza ni mnyama wa baharini mwenye magamba mawili. Hushikamana na mwamba, au na gamba la mwenziwe, asiondoke tena. Huvuta maji, akala vijimea vidogo vilivyomo, akayatoa yakiwa safi zaidi. Zamani watu wa Uingereza na Uskoti walimla sana, hata maskini. Katika karne ya 19 walimvua pasipo kiasi. Katika Dornoch Firth, mkono wa bahari ulioko kaskazini ya Uskoti, alitoweka kabisa kwa miaka mia na zaidi.

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, chama cha Marine Conservation Society na kiwanda cha wiski cha Glenmorangie, kilicho ukingoni mwa maji hayo, walianza shauri la kumrudisha. Lakini wamweke mahali gani?

Kwanza, pawe kwao. Magamba ya kale yaliyookotwa humo yalishuhudia ya kuwa chaza waliishi hapo tangu zamani.

Pili, chini pawe pagumu. Mtoto wa chaza huogelea kwa muda mfupi tu, kisha hutafuta kitu kigumu cha kushika, akikosa, hufa. Tope laini humfukia. Kwa hiyo wataalamu walitandaza chini magamba ya kome yaliyokwisha kutupwa.

Tatu, pasiwe na ugonjwa. Uko ugonjwa uitwao Bonamia, ulioonekana Ufaransa mwaka 1979, nao umeua chaza wengi wa Ulaya. Mtu haumdhuru, lakini chaza mmoja mgonjwa akihamishwa aweza kuharibu ghuba nzima.

Nne, pasipitishwe nyavu za kukokotwa, maana huvunja kila kitu.

Mwaka 2017 waliweka chaza 300 tu kwa majaribio. Walipoona wanaishi, ndipo wakaongeza maelfu, wakijiwekea shabaha ya milioni 4. Laiti wangaliwamwaga wote siku moja mahali pabaya, wangalizika mali na taabu yao topeni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuongeze: hata ukuta huo, kwanza utafute kiwanja.