Si kila moto kifuani ni kiungulia

Ramadhani ikiingia, malalamiko ninayoyasikia zaidi mtaani baada ya tarawehe si ya njaa, ni ya kiungulia. Tumefuturu kwa sambusa, bajia na viazi karai, tukaongeza biriani, kisha tukajinyosha kitandani. Usiku kifua kinawaka na maji machachu yanapanda kooni.

Chakula hupitia kwenye umio, na mwisho wake, pale unapoingia tumboni, kuna msuli unaofunguka na kujifunga kama mlango. Msuli huu ukilegea, asidi ya tumbo hurudi juu na kuunguza umio. Mafuta mengi, kahawa, sigara, unene na mimba huchangia. Kulala umeshiba huzidisha.

Wengi wetu tukihisi hivyo husema ni vidonda vya tumbo. Ni maradhi mawili tofauti. Kiungulia huwaka nyuma ya mfupa wa kifua, huzidi ukiinama au ukilala, na huacha uchachu mdomoni. Wengine hawahisi moto wowote: hukohoa usiku, au huamka sauti imekwaruza.

Kabla ya kuzoea vidonge, naona tuanze na mazoea yetu. Futuru kwa tende na maji, swali, kisha ule kwa kiasi. Ngoja kama saa 3 kabla ya kulala. Inua kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakutoshi, kwani hukunja tumbo. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi tu.

Kikikusumbua mara 2 au zaidi kwa wiki, na wiki zinapita, nenda ukapimwe. Asidi ikiunguza umio kwa miaka huweza kuleta makovu, na kwa wachache saratani. Usingoje kabisa ikiwa chakula kinakwama, unakonda bila sababu, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami.

Linalonitia hofu zaidi ni hili. Kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, ukatoka jasho na kukosa pumzi, huenda ni moyo. Wenye sukari huweza kuupata mshtuko huo bila maumivu makali. Hapo usimtume mtoto dukani kununua dawa ya kiungulia. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.