Mlima kwanza, bahari baadaye: Ukimpeleka mzazi Misri

IKIWA umekuwa ukiweka pesa kidogo kidogo ili umpeleke baba au mama yako kutalii Misri, huenda ratiba yenu ni kama hii: siku mbili Cairo mkitazama piramidi, kisha mshuke Sharm el-Sheikh mkapige mbizi katika Bahari ya Shamu, halafu siku ya mwisho mpande Mlima Sinai, ambao mzee amekuwa akiusoma kwenye Biblia tangu akiwa mtoto.

Ratiba hiyo inavutia, na ni rahisi kuipanga. Kutoka ufuoni Sharm el-Sheikh hadi chini ya mlima ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Wengi huondoka hotelini usiku na kupanda gizani ili jua liwakute kileleni.

Lakini kiafya imepangwa kinyume. Anayetoka kupiga mbizi alasiri na kuanza kupanda mlima usiku huo huo anajiweka katika hatari sawa na ya mtu anayetoka majini na kwenda moja kwa moja kupanda ndege.

Sababu ni hewa ya mtungini. Kila mita 10 unazoshuka baharini, maji hukuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chako ukiwa ufuoni. Chini ya mgandamizo huo, naitrojeni iliyo katika hewa unayovuta huyeyuka na kuingia katika damu, mafuta na viungo. Hutaihisi wala kuiona.

Ukipanda juu polepole, naitrojeni hiyo hutoka taratibu kupitia mapafu. Ukipanda kwa haraka, hufanya kama soda iliyofunguliwa kwa pupa: mapovu hutokea ndani ya mwili. Yakikwama kwenye viungo, huleta maumivu makali. Yakiingia kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza miguu.

Hata baada ya kupanda vizuri na kuvua mtungi, naitrojeni nyingine hubaki mwilini kwa saa nyingi. Ukiwa bado nayo kisha ukaenda mahali palipoinuka, ambako hewa ni nyepesi, ni kama umeendelea kupanda kutoka majini. Kilele cha Mlima Sinai kiko mita 2,285 juu ya usawa wa bahari. Hewa ndani ya ndege ya abiria inaweza kuwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo mno.

Msomaji wa Nairobi asidhani jambo hili ni la Misri pekee. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anayepiga mbizi Watamu au Wasini asubuhi, kisha akapanda gari au treni ya jioni kurudi nyumbani, naye anakwenda mlimani, ingawa haoni mlima wowote.

Saa ngapi zipite?

Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wa tiba ya mbizi ni huu: aliyezama mara moja tu, bila kufikia kina kinachomlazimu kusimama njiani akipanda, asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka kwa ndege. Aliyezama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo asubiri angalau saa 18. Waliozama kwa kina au muda wa kulazimu vituo hivyo wasubiri zaidi. Walimu wengi wa mbizi hurahisisha kwa kusema saa 24 kwa kila mtu, na ukiwa na mzazi wa miaka 60 na zaidi, hiyo ndiyo hesabu ya kushika.

Kwa hivyo geuza ratiba. Anzeni Cairo na, ikiwa nauli inaruhusu, Luxor. Kisha mlima. Baada ya mlima pumzikeni siku nzima, maana magoti ya mzee yatakuwa yanalia na mwili umepoteza maji. Ndipo mwingie baharini. Kushuka kutoka mlimani na kuingia majini hakuna tatizo la naitrojeni. Siku ya mwisho kabla ya ndege, mitungi ikae chini.

Kuhusu mlima wenyewe, wapo Wabedui ambao huwaongoza wageni na kuwakodisha ngamia. Ngamia humfikisha mtu mpaka zinapoanza ngazi 750 za mwisho, ambazo kila mmoja hupanda kwa miguu yake. Kati ya Desemba na Februari baridi ya usiku huko hushuka hadi karibu na sufuri na hata chini yake. Sweta ya Limuru haitoshi. Na mzee akichoka njiani, si aibu kubaki chini: nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katherine, iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Justinian katika karne ya 6, iko chini ya mlima, na kwa wengi hiyo peke yake inatosha kuwa safari.

Fomu ambayo wazee huijibu kwa haraka

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi. Kabla ya mtu kupewa mtungi, kituo cha mbizi humpa fomu ya afya. Humo ataulizwa juu ya moyo, presha, kisukari, pumu, kifafa, upasuaji wa masikio na dawa anazomeza. Akijibu "ndiyo" kwa baadhi ya maswali, hataruhusiwa kuzama mpaka daktari atie sahihi. Aliyepita miaka 45 huulizwa maswali ya ziada, kwa mfano kama anavuta sigara au ana presha.

Hebu fikiria baba wa miaka 62, mwalimu mstaafu, amesimama kwenye kaunta ya hoteli ufuoni. Mwanawe amelipa kila kitu. Nyuma kuna foleni ya vijana waliokwisha kuvaa mavazi ya mpira. Mzee huyo atajaza "hapana" kuanzia juu hadi chini, kisha atabasamu. Presha anayo, na tembe ziko kwenye mkoba, lakini atasemaje mbele ya watu na pesa zimekwisha kulipwa?

Ndiyo maana fomu hiyo yapaswa kujazwa Kenya, sebuleni, kabla hujalipa hata shilingi. Wazazi wetu hawapendi kuhojiwa na watoto wao kuhusu miili yao, hasa akina baba. Usimuulize, "Je, Baba, una ugonjwa wa moyo?" Mwambie kwamba wanaozama wote huulizwa kuhusu afya zao, na kwamba mtakwenda kwa daktari pamoja, wewe ukiwa wa kwanza kupimwa. Hilo ni kweli, na halimvunjii heshima.

Magonjwa ya moyo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wapiga mbizi wenye umri mkubwa, na mara nyingine mwenyewe hakujua kwamba anaugua. Mtu aingiapo majini, maji husukuma damu kutoka miguuni hadi kifuani. Moyo hulazimika kufanya kazi zaidi, na figo huanza kutoa mkojo mwingi. Maji yakiwa baridi, mishipa hujikunja na presha hupanda. Kwa watu wengine, hasa wenye presha isiyodhibitiwa, mapafu yanaweza kuanza kujaa majimaji papo hapo: mtu anakohoa, anahema na kutoa povu lenye damu, ingawa hakumeza maji ya bahari.

Muulizeni daktari kuhusu dawa pia. Zile za presha zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo zinaweza kumfanya mzee ashindwe kuongeza nguvu anapokabiliwa na mkondo wa maji. Zile za kukojoza humkausha mwili, na jua la Misri nalo linamkausha. Asiache kumeza dawa bila ushauri, maana hilo ni baya zaidi. Daktari anaweza kumpima moyo huku akitembea kwenye mashine, na hapo ndipo itajulikana kama mtungi ni wake au si wake.

Masikio, chumvi na vyuma

Ikiwa daktari amekubali, mzazi ambaye hajawahi kuzama anaweza kujaribu akiwa na mwalimu kando yake, na katika somo kama hilo la mwanzo kikomo cha kawaida ni mita 12. Kwake mita 5 zinatosha. Matumbawe mazuri zaidi yako karibu na juu, palipo na mwanga.

Masikio huuma ndani ya mita chache za kwanza. Abane pua na kupuliza taratibu kabla maumivu hayajaanza, na arudie kila anaposhuka kidogo. Maumivu yakikataa kuisha, apande. Anayelazimisha huweza kupasua kiwambo cha sikio. Mwenye mafua asizame kabisa, hata kama siku hiyo imelipiwa.

Maji ya Bahari ya Shamu yana chumvi nyingi kuliko ya pwani yetu, takriban gramu 40 kwa kila kilo ya maji ilhali Bahari Hindi ina kama 35. Mwili huelea zaidi, kwa hivyo mkanda wa risasi uliowatosha Diani huenda usitoshe huko. Februari maji hayo hufikia nyuzi 21 au 22 hivi, na kwa Mkenya hiyo ni baridi. Vaeni vazi la mpira lililo zito.

Nawe kijana, usimwache mzazi juu ya mashua ukaenda kutafuta sifa. Meli ya Uingereza iitwayo Thistlegorm, iliyozamishwa na ndege za Ujerumani Oktoba 1941, imelala katika kina cha mita 30 hivi na mikondo hapo huwa mikali. Shimo la Blue Hole karibu na Dahab limeua wapiga mbizi wengi waliojaribu kupita lango lake lililo zaidi ya mita 50 chini, ilhali mwisho wa mbizi za burudani ni mita 40. Safari ya kumtembeza mzazi si wakati wa kujaribu hayo.

Nchi kavu nako kuna yake

Piramidi kubwa ya Giza huonekana salama kwa sababu haisogei. Ndani yake njia ni nyembamba, inapanda, na sehemu nyingine dari ni ya chini kiasi kwamba mtu hutembea ameinama. Kuna joto na hewa nzito. Mwenye maumivu ya mgongo, pumu au moyo aitazame kwa nje. Chumba cha ndani hakina dhahabu wala picha ukutani.

Luxor, ambako kaburi la Tutankhamun liligunduliwa 1922, joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Nendeni kati ya Novemba na Machi, tena asubuhi na mapema. Mzee aliyeacha kutoa jasho, anayelalamika kichwa na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, alowanishwe maji, apepewe, na daktari aitwe mara moja.

Wanaotoka Kenya huhitajika kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano wanapoingia Misri. Dawa za mzazi zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Jihadharini na tramadol, dawa ya maumivu ambayo wazee wengi hupewa kwa ajili ya mgongo. Huko inadhibitiwa vikali na kuna watalii waliofungwa kwa kuingia nayo.

Bima nayo isomeni hadi maandishi madogo. Nyingi za kawaida hazigharimii ajali za mbizi, au huishia kina fulani.

Dalili zikitokea

Baada ya kutoka majini, mtazame mzazi kwa saa 24. Maumivu ya bega au goti ambayo hakuwa nayo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, vipele vyenye rangi ya marumaru, miguu kukosa nguvu au kushindwa kukojoa: yoyote kati ya hayo ni ya kuharakisha. Mzee atasema ni baridi yabisi yake ya zamani. Usikubali.

Mlaze chali, apewe hewa ya oksijeni safi kutoka kwenye mashua au kituo cha mbizi, anywe maji kama yuko macho na anameza vizuri, na asirudishwe majini kujaribu "kuyashusha" mapovu. Sharm el-Sheikh, Dahab na Hurghada kuna vyumba maalumu vya kutibu ugonjwa huu kwa mgandamizo. Andika nambari ya kilicho karibu siku mnayofika, kabla hamjaloa.

Na ikiwa daktari wa Nairobi amekataa? Katika hifadhi ya Ras Mohammed, iliyotengwa 1983, matumbawe huanza hatua chache kutoka ufuoni. Mzee akivaa jaketi la kuelea, miwani na bomba la kupumulia, huku wewe ukimshika mkono, ataona samaki wale wale walioonwa na wenye mitungi. Muulize daktari kuhusu hilo pia, maana kuogelea kunauchosha moyo. Akikatazwa hata hilo, zipo mashua zenye sakafu ya kioo, ambazo mtu huzipanda na viatu vyake vya kanisani.