Kompyuta ya Madrasa na Vilivyomo Ndani Yake



Mmoja katika wazazi wa wanafunzi wetu, mkaazi wa Moshi mjini, aliitunuku madrasa yetu ya huku mlimani kompyuta iliyokwisha tumika. Tulimshukuru, tukamwombea dua, kisha tukaiweka mezani na kuifunika kitambaa, na kwa muda wa miezi miwili tukawa twaitazama kama mgeni tusiyejua lugha yake. Hatimaye tukaiteremsha mjini kwa fundi. Fundi akatwambia kuwa mashine ile ni tupu, na kwamba kwa fedha kidogo atatutilia programu zote za kuandikia na kuhesabia ambazo wenyewe huziuza kwa bei kubwa. Tukatoa fedha. Hatukumwuliza amezipata wapi.

Twalitaja jambo hili kwa haya, kwani sisi ndio tuwafundishao watoto wenu mlango wa amana. Wala hatuwezi kusema kwamba wanazuoni wamelinyamazia. Katika mwezi wa Desemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait katika kikao chake cha tano, likapitisha kuwa haki za utunzi na za uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zina thamani, zimehifadhiwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Programu nayo imetungwa na watu, kama kitabu kinavyotungwa. Wako wasemao kuwa makampuni hayo ni tajiri wala hayatadhurika kwa kompyuta moja ya mlimani. Sisi hatuoni kwamba utajiri wa mwenye mali humhalalishia mtu mwingine mali hiyo.

Pamoja na programu zile vikaja virusi. Siku nne kabla ya mtihani wetu, tukafungua mashine kutafuta orodha ya wanafunzi na karo zao, kazi ya wiki tatu kwa mtu achapaye kwa kidole kimoja. Hatukukuta kitu ila vijialama vidogo visivyofunguka. Tulisikitika sana, tukarudi kwenye daftari letu la karatasi.

Jioni akaja kijana mmoja wa kidato cha tatu, aliyesoma kwetu juzuu zake za kwanza. Akaamkia, akaketi, akatazama. Akasema, "Maalim, majina hayakupotea, yamefichwa tu." Akaiamuru mashine ionyeshe na vile vilivyofichwa, hata vya mfumo wenyewe, na majina yote yakatokea, moja baada ya moja. Kisha akatwonyesha jambo lililotushangaza zaidi. Ndani ya Windows, tangu siku ile ilipotiwa, mna mlinzi wa virusi asiyehitaji kununuliwa. Fundi alikuwa amemzima, kwa kuwa mlinzi huyo huzikataa programu zilizovunjwa kufuli. Kijana akaziondoa programu zile, akamwasha mlinzi, akamwacha aisafishe mashine usiku kucha.

Basi hiyo mashine iliyoitwa tupu haikuwa tupu hata kidogo. Twapenda kuwaeleza baadhi ya tuliyoyakuta, khasa ninyi walimu wenzetu na vijana mlio na mashine za namna hii majumbani.

Ya kwanza ni Notepad, daftari dogo lililomo katika kila Windows. Ukibonyeza F5 humo, huandika tarehe na saa. Na ukiandika katika mstari wa kwanza kabisa nukta na herufi kubwa LOG, yaani .LOG, ukalihifadhi, basi kila ulifunguapo hujiandikia lenyewe saa na tarehe ya siku hiyo. Sisi twalitumia kwa deni na amana za madrasa. Ajuaye aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, atafahamu kwa nini tulilifurahia.

Ya pili ndiyo iliyotuondolea adha kubwa, nayo ni kuandika Kiarabu. Miaka mingi tumekuwa tukichapa maswali kwa Kiswahili, kisha tukijaza aya na maneno ya Kiarabu kwa kalamu, nakala baada ya nakala. Kumbe kibodi ya Kiarabu imo katika Windows bila malipo. Nenda katika mipangilio, sehemu ya wakati na lugha, uongeze Kiarabu. Tangu hapo, kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na kile kirefu cha nafasi hukubadilishia lugha. Alifu utaikuta kwenye H, baa kwenye F, siin kwenye S. Irabu nazo zipo: shikilia Shift, kisha Q ni fataha, E ni dhamma, A ni kasra, X ni sukuni. Shadda iko pembeni juu, kushoto kwa tarakimu 1. Ili maandishi yaanzie kulia, bonyeza pamoja Ctrl na Shift za upande wa kulia. Asiyekumbuka herufi ziko wapi, na abonyeze dirisha, Ctrl na O, atatokewa na picha ya kibodi nzima juu ya kioo. Wanafunzi wetu wa miaka kumi waliyahifadhi haya kwa siku mbili. Sisi tulihitaji wiki mbili na karatasi iliyobandikwa ukutani.

Ya tatu haikuwamo katika mashine, lakini ni halali na ni bure: LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu. Wenye nayo wamempa ruhusa kila mtu aitumie, ainakili na amgawie mwenzake. Ilitokana mwaka 2010 na ile iliyoitwa OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kuitoa kwa Kiswahili mwezi wa Desemba 2004, kwa jina la Jambo OpenOffice. Ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Kijana wetu aliipakua mara moja mjini, akaileta kwa flashi, nasi tumekwisha kuinakili kwa madrasa mbili jirani bila ya kuona haya mbele ya mtu yeyote.

Tukaitilia khati iitwayo Amiri, aliyoichora Bwana Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za kale za matbaa ya Bulaq ya Cairo, naye akaitoa bure. Mzee mmoja alipoiona karatasi ya mtihani alidhani imepigwa chapa Misri. Lakini jihadharini: tulipoipeleka mara ya kwanza dukani kuchapwa, herufi zilitawanyika, kwa kuwa mashine ya dukani haikuwa na khati hiyo. Dawa yake ni kuitoa karatasi kwa namna ya PDF, ambayo huibeba khati ndani yake. LibreOffice yafanya hivyo yenyewe.

Kwa zaka ya fedha, mali ikiwa imefika nisabu na mwaka umetimia, andika kiasi katika kisanduku cha B2, na katika kisanduku kingine andika =B2/40. Basi.

Wenye macho kama yetu, yaliyokwisha pita miaka hamsini, wabonyeze dirisha na alama ya kujumlisha, maandishi yatakuzwa. Na huku mlimani, ambako mvua za masika hazikosani na kukatika umeme, bonyezeni Ctrl na S kila mwishapo aya. Mliyoyaharibu kwa kidole hurudi kwa Ctrl na Z. Umeme haurudishi kitu.

Limebaki jambo moja. Windows iliyomo katika mashine yetu ni ya 10, na msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ni kuukuu, haiikubali ile ya 11. Wako waliotushauri turudi kwa fundi yule, kwani anayo namna ya kuilazimisha. Tumekataa. Kijana ametuletea Ubuntu, mfumo mwingine wa bure uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004, ambao huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kuutia ndani. Tumeujaribu Alhamisi mbili, na kibodi ya Kiarabu tumeikuta humo pia. Tumekwisha kunakili orodha za wanafunzi katika flashi mbili, moja iko kwetu na moja kwa katibu, na inshallah baada ya Idi tutaubadilisha.