Pishi ya Wasomi

Mwenye duka la nafaka ana pishi yake, na muuza vitambaa ana wari yake. Hapana mtu atakayekubali kanga ipimwe kwa pishi, wala mchele upimwe kwa wari. Jambo hili ni dhahiri hata kwa mtoto. Lakini wasomi wa dunia, watu wenye shahada kubwa kubwa, wamekaa miaka mingi wakipima kitu kimoja kwa chombo kilichotengenezewa kitu kingine, na hasara yake haikuishia katika maktaba zao. Inamfikia mkulima na mfanyakazi, maana sehemu kubwa ya fedha za utafiti ni jasho la umma. Ndiyo sababu leo, ndugu msomaji, tunayaacha kidogo mambo yetu ya kila siku.

Chombo chenyewe huitwa kipimo cha athari cha jarida. Mtaalamu akivumbua jambo huliandika katika jarida la kitaaluma, na kila aandikaye humo hutaja kazi za wenzake alizozitegemea. Kutajwa huko ndiko kunakohesabiwa. Tuseme jarida fulani lilichapa makala 100 katika miaka ya 2022 na 2023, na katika mwaka 2024 makala hizo zikatajwa mara 250. Gawanya 250 kwa 100, utapata 2.5. Hicho ndicho kipimo cha athari cha jarida hilo kwa mwaka 2024. Hesabu ni ya shule ya msingi, nayo imewatia hofu maprofesa.

Aliyeianzisha hakuwa na nia mbaya. Eugene Garfield, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1925, aliandika katika jarida la Science mwaka 1955 akipendekeza faharasa itakayoonyesha kila makala imetajwa na nani baada ya kuchapishwa. Wazo hilo alilipata kwa wanasheria. Tangu mwaka 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na vitabu vya Shepard, vilivyowaonyesha kesi ya zamani imetumiwa katika kesi zipi za baadaye, na kama hukumu yake ingali inasimama. Garfield alifungua taasisi yake Philadelphia, na faharasa yake ya kwanza, iliyohusu maandishi ya mwaka 1961, ilikusanya majarida 613. Kipimo cha athari kilimsaidia kuchagua majarida ya kuingizwa. Kuanzia miaka ya 1970 hesabu hizo zikatolewa kila mwaka, na wakutubi wakazitumia kujua wanunue majarida yapi kwa fedha chache walizokuwa nazo. Hapo pishi ilikuwa inapima nafaka, na hapana wa kulaumiwa.

Ubaya uliingia pale kamati za vyuo na za mifuko ya utafiti zilipoanza kumpimia mtu. Mwalimu wa chuo anaomba kupandishwa cheo. Wajumbe hawakuisoma makala yake, pengine hata fani yake hawaijui. Wanatazama tu imetoka katika jarida gani, na jarida hilo lina namba gani. Huku ni sawa na kumpandisha mfanyakazi mshahara kwa ajili ya jina la kiwanda alichoajiriwa, bila kumwuliza msimamizi wake kama mtu huyo hufika kazini.

Tazama kisa cha jarida la Acta Crystallographica, sehemu ya A, ambalo hushughulika na elimu ya fuwele. Kwa mwaka 2008 kipimo chake kilikuwa 2 na kitu. Kwa mwaka 2009 kikaruka hadi 49.9, likayapita majarida yanayojulikana dunia nzima. Je, waandishi wake wote walikuwa wameamka siku moja na kuwa magwiji? Hasha. Mtu mmoja, George Sheldrick wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, alikuwa amechapisha humo mwaka 2008 historia ya programu zake za kompyuta, na kila aliyezitumia akaitaja makala hiyo. Ilitajwa maelfu ya mara. Wenzake wote katika jarida lile walikaa chini ya kivuli cha mti ambao hawakuupanda. Makala ile ilipovuka ile miaka miwili inayohesabiwa, namba ikaanguka tena hadi 2 na kitu.

Na panapokuwa na namba ya kugombaniwa, ujanja haukosi. Wapo wahariri wanaomtaka mwandishi ataje makala za jarida lao kwanza, ndipo wapokee kazi yake. Mwaka 2013 majarida manne ya Brazil yaliondolewa katika orodha ya vipimo kwa sababu yalikuwa yakitajana kwa mapatano. Ni kosa, nasi hatulitetei. Lakini ikumbukwe kwamba serikali yao ilikuwa ikizipima shule za shahada za juu kwa namba hizo hizo, na majarida ya nyumbani, yenye namba ndogo, yalikuwa yanakimbiwa na waandishi wake yenyewe.

Wengine wamekwisha kuzinduka. Mwezi Desemba 2012 wataalamu waliokutana San Francisco waliandika azimio, likatangazwa mwaka 2013, kwamba namba ya jarida isitumiwe kumwajiri mtu, kumpandisha cheo, wala kumpa fedha. Mwaka 2020 serikali ya China ikaagiza vyuo vyake viache kuwatunza watafiti fedha kwa kuhesabu makala. Garfield mwenyewe, aliyefariki mwaka 2017, alikionya chombo chake zaidi ya mara moja, akakifananisha na nguvu za nyuklia, ambazo zaweza kutumiwa kwa wema au kwa uovu.

Kwetu sisi kuna kasumba pia. Profesa akiandika kwa Kiswahili jambo ambalo mwalimu wa shule ataweza kulisoma na kulitumia, yupo mwenzake atakayemwuliza: hilo lina namba gani? Lakini tuuache Kiswahili, tutazame muhogo.

Mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey, akifanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, alieleza ugonjwa wa muhogo uitwao leo michirizi ya kahawia. Ni ugonjwa wa hila: shamba laweza kuonekana lina majani ya kuridhisha, na mizizi ikichimbwa ikakutwa imeoza na kukauka ndani, haifai kuliwa. Aliandika katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulionekana kuwa jambo la watu wa mwambao. Kisha, tangu mwaka 2004, ukaonekana Uganda katika nchi ya juu, ukaenea pande za Ziwa Viktoria, na wataalamu wakairudia makala ya Storey, wakawa wanaitaja hata leo. Kipimo cha miaka miwili hakiwezi kuuona utajo huo. Umekuja kwa kuchelewa miaka sabini.

Wala si makala tu. Kuanzia mwaka 1937 watu wa Amani waliendelea kuchanganya muhogo wa shambani na jamaa zake wa porini, wakitafuta mbegu ya kuhimili magonjwa. Mkoloni alikuwa na sababu zake za kugharimia kazi hiyo, na wakulima walikuwa na zao za kuichukua mbegu. Moja ya zile zilizotokana na kazi hiyo imebaki katika mashamba ya kusini kwa jina la Namikonga, na watafiti wa Naliendele, Mtwara, wameitumia kuzalisha mbegu mpya. Mtafiti anayeshinda juani akihesabu mizizi iliyooza ya mbegu hizo, akirudi ofisini hukuta fomu ya kupandishwa cheo ina nafasi ya kuandika jina la jarida, na mkulima hana nafasi yake.