Afande, Malaria Haisomi Cheti cha Kuzaliwa

Swali ni lile lile, aliyevaa kombati ndiye hubadilika: "Daktari, mimi mzaliwa wa Ifakara, malaria nimekua nayo. Mwaka mzima Congo sikuumwa hata kichwa. Inakuwaje nirudi nyumbani ndipo nianguke?"

Anayeuliza ni mjeda aliyetoka kwenye misheni ya kulinda amani, na kabla ya swali huwa ameshatuvunja mbavu. Kule Beni, husema, naamshwa na filimbi. Hapa naamshwa na jogoo wa jirani ambaye saa haijui. Kule napanga foleni ya chakula na hakuna anayenidai. Hapa nakula wali na perege huku mashemeji wawili wakisubiri ninawe mikono wanieleze habari za ada. Kule jua likizama nashusha mikono ya kombati kwa amri, nameza kidonge sajenti akinikagua mdomo, nalala ndani ya chandarua. Hapa amiri jeshi ni mke wangu, na akitaja chandarua namjibu joto.

Sijui nicheke au nimrudishe mwanzo, maana jibu amelitaja mwenyewe. Ila jibu hilo halitaki. Anataka nikubali kwamba mtu wa bonde la Kilombero huzaliwa na kinga, kisha nimweleze nani kamwibia yake.

Hakuna aliyemwibia. Mtoto wa bonde hili huzaliwa na kingamwili za mama yake, na hizo huisha ndani ya miezi michache. Wengine hurithi kinasaba kimoja cha seli mundu. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba kinasaba hicho hupunguza makali ya malaria. Hupunguza, hakifuti. Kilichobaki chote mtu hukipata kwa kuumwa na mbu na kuugua tena na tena, na wapo wanaokufa kabla hawajakipata. Kuzaliwa Ifakara kungekuwa chanjo, wodi za watoto zisingekuwa na mtu wa kumlaza mwezi wa tano.

Hata huyo mtu mzima anayetamba kijiweni kwamba malaria haimpati, mara nyingi anayo. Vimelea vimo damuni, vichache, na mwili umejifunza kuvibana bila homa. Ustahimilivu huo ni kama pumzi ya mkimbiaji: usipokimbia, inakata. Sasa tumtazame afande. Mwaka mzima kidonge kimeua kila kimelea kilichojaribu kuingia damuni. Ndiyo kazi yake, na kimeifanya vizuri. Lakini kwa mwaka huo huo mwili haukupata zoezi hata moja. Anarudi Ifakara na cheti kile kile cha kuzaliwa, lakini damu yake imeanza kusahau.

Na asikimbilie kuwalaumu mbu wa nyumbani. Akiugua wiki ya pili ya likizo, inawezekana vimelea alikuja navyo. Vikishaingia mwilini hujificha kwanza kwenye ini takriban wiki moja, mahali ambapo vidonge vingi vya kinga havivigusi, ndiyo maana doksisaiklini na meflokwini huendelea kumezwa wiki 4 baada ya kuondoka. Kuna wanaotupa vidonge mara tu ndege ikigusa ardhi ya Tanzania, kwa furaha.

Nidhamu hii si maringo ya kizungu wala woga. Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipigana bonde la Kabaw, Burma, lililojaa malaria. Jeshi zima liliamriwa kumeza vidonge vya njano vya mepakrini, na kamanda wake, Jenerali Slim, aliwafukuza kazi makamanda watatu ambao askari wao walipimwa ghafla ikaonekana hawavimezi. Afande, mke wako hana mamlaka hayo, lakini hoja yake ni ile ile.

Muarobaini? Mchungu, ndiyo. Tulizoea uchungu wa kwinini na klorokwini, tukaamini kila kichungu kinaua vimelea. Wakati huo huo kuna dawa ya ALu ya watoto yenye ladha ya matunda, na inatibu. Majani yaliyochemshwa sufuriani hayana kipimo cha dozi na hayamalizi malaria. Pombe ndiyo kabisa: Burkina Faso, mwaka 2010, watafiti walionyesha kwamba waliokunywa pombe ya mtama waliwavutia mbu zaidi kuliko waliokunywa maji.

Tumalize basi. Chandarua chenye dawa kila usiku, hata kwenye dungu la shamba la mpunga. Ni wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa vyandarua vya Zuia Mbu vya miaka ya 1990, zilizoonyesha kwamba vinaokoa watoto. Anopheles funestus huuma ndani usiku wa manane, na amekuwa sugu kwa viuatilifu vya siku nyingi, basi chandarua kisiwe na tundu. Anopheles arabiensis huuma nje, mapema, ukiwa kwenye bao: mikono mirefu, dawa ya kujipaka. Ukisikia homa, pima siku hiyo hiyo. Ikiwa malaria, ALu ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, na chakula chenye mafuta. Usimwekee mdogo wako nusu. Degedege, kuchanganyikiwa au mkojo wa rangi ya kahawa nyeusi ni hospitali sasa hivi, kwa sindano ya atesuneti. Na ukifika dirishani taja Congo kabla hujaulizwa, kwa sababu kule kuna homa ambazo hapa hatuzitarajii, na muuguzi anatakiwa avae glavu kabla hajakushika.